Iite ada, iite riba, hesabu ni ileile

Jamani, tuache kudanganyana. M-Shwari ilipozinduliwa na Safaricom na benki ya CBA Novemba 2012, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwaka 2016 sheria ikazuia riba za benki zisizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango kikiwa 10, kikomo kikawa 14. M-Shwari haikuguswa, kwa sababu malipo yake yaliitwa ada, si riba. Kikomo chenyewe kikaondolewa 2019.

Basi 7.5 ni ndogo kuliko 14? Hapana! Moja ni ya mwezi, nyingine ya mwaka. Hebu tuzipime kwa kipimo kimoja:

ada ÷ mkopo × 365 ÷ siku × 100

Mama mboga wa hapa Riruta Satellite akikopa shilingi 2,000 kwa ada hiyo, atarudisha 2,150 baada ya siku 30. 150 ÷ 2,000 × 365 ÷ 30 × 100 = asilimia 91.25 kwa mwaka. Akilipa siku ya 10 na ada isipunguzwe, inakuwa 273.75. Na mkopeshaji akikata ada mwanzoni, mama anapokea 1,850 tu. Gawanya kwa hiyo 1,850: karibu asilimia 98.6 kwa siku 30.

Najua mtaniambia, "Lakini hakuna anayekopa kwa mwaka mzima." Matatu kutoka Kawangware hadi Satellite haiendi saa nzima, lakini mwendo wake tunaupima kwa kilomita kwa saa. Tena wako wanaolipa leo na kukopa kesho. Ukifanya hivyo mara 12, umelipa ada ya 1,800 kwa zile zile 2,000.

Sisemi mikopo hii ipigwe marufuku. Mtu asiye na shamba wala hati ya gari angekopa wapi usiku mtoto akiugua? Ninachosema ni kwamba aone bei kamili kabla ya kukubali. Kanuni za Benki Kuu za 2022 ziliwataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni na wamweleze mteja gharama. Vizuri, lakini gharama iliyofichwa katikati ya masharti marefu haijaelezwa.

Waprogramu wenzangu, hiyo fomula ni mstari mmoja wa kodi. Tunaweza kupima mteja anastahili mkopo kwa sekunde chache, halafu tushindwe kugawanya na kuzidisha? Wekeni namba hiyo juu ya kitufe cha "Kubali", kwa herufi kubwa.