Waacheni Waumini Waogope

“Mwenye imani haogopi.” Mmeisikia. Imebandikwa nyuma ya daladala, imechapwa kwenye fulana za kwaya, inafunga mahubiri ya redioni kabla ya taarifa ya habari, na mtu akifiwa ndiyo ya kwanza kufika msibani, kabla ya turubai na viti vya kukodi. Hakuna anayeibishia, kwa sababu kuibishia ni kama kumbishia Mungu mwenyewe. Mimi naibishia. Nasema ni uongo, tena uongo usio na mizizi katika Biblia wala katika Kurani, na umewatesa waumini kuliko dhihaka yoyote ya wasioamini.

Nendeni wodi ya upasuaji saa ya kuona wagonjwa, jioni ya kuamkia oparesheni. Mama amekaa kitandani, kanga begani. Fomu ya ridhaa ameshaisaini kwa kalamu ya kuazima. Wanaingia wenzake wa jumuiya, wamebeba chupa ya uji na hotipoti, wanapanga viti.

“Mama, hofu ni ya shetani. Ikatae.”

“Naikataa.”

“Sema nimepona.”

“Nimepona.”

“Usikiri kushindwa, mama.”

“Amina.”

Wanaimba pambio, wanakemea, saa inakwisha, mlinzi anakuja kuwatoa. Wakishafika koridoni, mama anamwita nesi kwa sauti ya chini: “Mwanangu, hiyo dawa ya usingizi, mtu huwa anaamka?”

Swali hilo alikuwa nalo tangu asubuhi. Alizungukwa na watu wanaompenda, waliopanda magari mawili kuja kumwona, na hakuna hata mmoja ambaye yeye angeweza kumuuliza, maana kuuliza kungekuwa kutangaza kwamba imani yake imepungua. Akasubiri waondoke ili amuulize mgeni mwenye wodi nzima ya kuhudumia. Wale ndugu walikuja kumpunguzia mzigo, wakaondoka wamemwongezea: mwanzo alikuwa anaogopa kisu, sasa anaogopa pia kwamba anaogopa. Na jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Mmoja wao angetoka akamtafuta daktari wa usingizi, akamleta pale kitandani aeleze, kisha wakaomba wakijua wanachokiombea. Ila kwanza mtu angelazimika kusikia neno “naogopa” bila kulikemea.

Huyo angalau alifika hospitali. Wapo wanaokaa na uvimbe kwenye ziwa mwezi baada ya mwezi, wakiukemea, kwa sababu kwenda kupima ni “kumpa adui nafasi”. Hapo uongo huu si wa kuchosha tu. Unaua.

Ndugu zangu Waislamu wasitabasamu. Kwao maneno ni mengine, uzito ni uleule. Mjane akilia sana anaambiwa asikufuru, kadari imeshaandikwa, ajikaze. Ajikaze vipi, na Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim? Nabii Yakubu alimlilia Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe, na Kurani inalisimulia hilo bila kumpunguzia cheo cha unabii.

Kwenye makanisa kuna hesabu maarufu inayonichekesha kila nikiisikia. Wahubiri hupenda kusema kwamba neno “usiogope” limo katika Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Chukueni itifaki ya Biblia muhesabu wenyewe. Hata mkijumlisha na “msiogope”, “msihofu” na jamaa zake wote, hamtafika nusu. (Sijui mwaka mrefu nao hupewa la 366 kutoka wapi.) Lakini hata kama hesabu ingekuwa sahihi, somo lingekuwa kinyume na wanavyolihubiri. Maneno hayo huambiwa nani? Huambiwa Maria akiwa amefadhaika, wachungaji wa kondoo wakiwa wameshikwa na hofu kuu usiku, Yoshua aliyefiwa na Musa na kuachiwa taifa zima mabegani. Katika Kurani, Musa na Haruni wanaagizwa waende kwa Firauni, nao wanajibu waziwazi kwamba wanaogopa atawadhulumu. Hawakuambiwa toeni kwanza hofu ndipo niwatume. Waliambiwa hawatakwenda peke yao, kisha wakatumwa vilevile walivyo.

Kuhusu hili hakuna mtu ninayempenda kama Gideoni. Malaika anamkuta anapura ngano ndani ya shinikizo, amejificha Wamidiani wasimwone, na anamwita shujaa. Shujaa huyu anapoagizwa kubomoa madhabahu ya Baali anaibomoa usiku, na Biblia inataja sababu bila kumstahi: aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mjini. Anaomba ishara ya ngozi ya kondoo, anaipata, kesho yake anaiomba tena kwa kuigeuza.

Msomaji anayejua maandiko ameshanyanyua mkono: mbona katika habari hiyohiyo waliokuwa wakiogopa walirudishwa nyumbani, watu 22,000? Ni kweli, walirudishwa. Someni tena muone kama walilaaniwa au kukemewa. Kisha msisitishe kusoma hapo. Usiku ule wa vita Mungu anamwambia kamanda mwenyewe, yule aliyebaki baada ya mchujo wote, kwamba kama anaogopa kushuka kambini kwa adui, basi ashuke na Pura, mtumishi wake. Naye akashuka na Pura! Maana yake alikuwa anaogopa bado. Dawa aliyopewa ilikuwa mtu wa kwenda naye.

Wengine watanitolea Timotheo, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga. Mstari huo ndio rungu lao. Hawasemi kwamba Paulo aliuandika kwa kijana ambaye ni dhahiri alikuwa anarudi nyuma, na kwamba hakumfukuza kazi. Tena Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho kwamba alifika kwao katika udhaifu, hofu na matetemeko mengi. Kwa kipimo cha mahubiri yetu ya leo, Paulo angeitwa mbele kuombewa.

Na tawakali je, si ni kumwachia Mungu kila kitu? Tazameni Hijra ya mwaka 622. Madina iko kaskazini ya Makka. Mtume na Abubakari walitoka wakaelekea kusini, wakajificha siku tatu katika pango la Thauri. Ali alilala kitandani pa Mtume ili waliokuja kumuua wadhani bado yumo. Asmaa, bintiye Abubakari, alikuwa akiwapelekea chakula. Mchungaji alipitisha mbuzi wake juu ya nyayo zao kuzifuta. Kiongozi wa njia waliyemkodi hakuwa hata Mwislamu. Alichaguliwa kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Huko pangoni Abubakari alihuzunika na kuhofu wale waliokuwa wakiwasaka, akaliwazwa kwamba Mungu yu pamoja nao. Hakuna aliyemwambia atubu. Hao ndio watu wanaopewa heshima ya juu kabisa katika imani hiyo, na safari yao ilipangwa kama ya watu wanaojua kwamba upanga unakata.

Tuje karibu na kwetu. Usiku wa manane, mapema Februari 1977, askari wa Idi Amin walivamia nyumba ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma. Februari 16 wakaitwa Kampala, wakasimamishwa, wakaonyeshwa shehena ya bunduki iliyosemekana kuwa sehemu ya njama. Wenzake wakaruhusiwa kuondoka. Luwum akabakizwa. Serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi. Akazikwa kwao Mucwini, kaskazini ya nchi, na leo Februari 16 ni sikukuu ya taifa Uganda.

Habari hii tunaipenda. Inafaa mimbarini: mtu hakuogopa, akafa. Lakini miongoni mwa maaskofu waliokuwapo Kampala siku ile alikuwamo Festo Kivengere wa Kigezi, mtu ambaye Tanzania inamjua, maana aliwahi kufundisha Dodoma. Kivengere alisubiri mwenzake atoke, asitoke. Siku chache baadaye jina lake likawa linatafutwa. Waumini wake wakamsihi aondoke; inasimuliwa kwamba walimwambia askofu mmoja aliyekufa anatosha. Akaondoka na mkewe Mera, usiku, kwa miguu, wakipanda milima ya Kigezi hadi wakavuka kuingia Rwanda.

Sasa niambieni, wahubiri wa “mwenye imani haogopi”: Kivengere mnamweka wapi? Alikimbia. Hakungoja malaika. Mwaka huohuo, akiwa uhamishoni, akatoa kitabu alichokiita “I Love Idi Amin”, akieleza jinsi alivyopambana na chuki iliyokuwa inamla hadi akamsamehe mtu aliyemuua rafiki yake. Amin alipoangushwa mwaka 1979 alirudi Uganda, akachunga watu wake mpaka alipofariki mwaka 1988. Ukiwa na kipimo cha imani kinachompitisha Luwum na kumwangusha Kivengere, tupa kipimo hicho. Imani ileile, ya watu walioomba pamoja, ilimfanya mmoja abaki na mwingine avuke mpaka, na wote wawili walijua kabisa Amin anaweza kufanya nini.

Kila Juni 3 mahujaji kutoka Tanzania na Kenya hufurika Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa 1886. Nyimbo zao zinawataja wale vijana wakienda motoni kwa furaha, na sina sababu ya kukana. Ila masimulizi hayohayo yanamtaja Kizito, mdogo kuliko wote, ambaye Karoli Lwanga alimwahidi kwamba saa ikifika atamshika mkono. Mtoto asiye na hofu haahidiwi mkono. Kipande hicho hatukiimbi sana.

Kwa nini tunakikwepa? Nadhani sababu moja ni uvivu wetu. Kumwambia mtu “usiogope” huchukua sekunde mbili. Kukaa naye hadi aseme anachoogopa huchukua mchana mzima, na pengine itabidi utoe nauli ya kwenda kumtafutia mwanasheria, au umpe chumba yeye na wanawe kwa sababu nyumbani anapigwa. Hofu mara nyingi ni taarifa. Mke anayemwogopa mumewe anakupa taarifa. Kibarua anayeogopa kuingia mgodini anakupa taarifa. Ukishaiita dhambi, umeruhusiwa kutoisikiliza, na anayempiga mke, na mwenye mgodi, wote wanakushukuru.

Sababu ya pili ni biashara. Hofu iliyokatazwa kusema haifi, inatafuta pa kutokea, na wapo wanaoisubiri na mtungi mkononi. Februari 1, 2020, uwanjani Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Watu hawakanyagani hivyo kwa sababu hawana hofu. Walikuwa na hofu za magonjwa, madeni, watoto wasio na kazi, hofu ambazo hawakuwa na mahali pengine pa kuzipeleka. Mtu aliyeweza kumwambia mzee wa kanisa lake “naogopa nitanyang'anywa nyumba” na akajibiwa kwa msaada wa maana, kwa nini agombanie matone?

Wanaoumia zaidi, ajabu, ni wenye kuhubiri. Usiku wa Januari 27, 1956, mjini Montgomery, Alabama, mchungaji mwenye umri wa miaka 27 alipokea simu ya kutishiwa kuuawa. Mkewe na mtoto wao mchanga wamelala. Akashindwa kulala, akaenda jikoni, akachemsha kahawa, akaanza kufikiria jinsi ya kujitoa katika mgomo wa kususia mabasi aliokuwa akiuongoza, bila kuonekana mwoga. Kisha akaomba kwa sauti. Kwa maelezo yake mwenyewe, Martin Luther King hakuikemea hofu ile. Alimweleza Mungu kwamba anaogopa, nguvu zimemwishia, na watu wanaomtazama wakimwona hivi nao watalegea. Ujasiri ulimjia baada ya kusema hayo, si kabla. Siku tatu baadaye bomu lililipuka barazani kwake, mke na mtoto wakiwa ndani, wakasalimika. Naye akasimama palepale akawatuliza watu waliokuja na hasira za kulipiza.

Jambo la kutazama ni kwamba aliyasema jikoni, peke yake. Wachungaji na masheikh wetu nao hupigiwa simu usiku, hudaiwa kodi, hupewa majibu ya vipimo wasiyoyatarajia, kisha asubuhi husimama na kutuambia mwenye imani haogopi, nasi tunaitikia. Wazee wa kanisa wakikaa tena kujadili fedha za spika mpya, waweke na hili kwenye ajenda: mchungaji akiogopa, amwambie nani kati yao, na huyo ataweza kunyamaza?