Hatulipwi kwa Soda

Kila mwaka, tarehe 20 Juni ikikaribia, wanamuziki wakimbizi tunakumbukwa. Siku ya Wakimbizi Duniani imefika, simu zinaanza kulia. "Mnaweza kutuletea bendi? Hata kwaya? Wacheza ngoma watano hivi?" Tunaweza. Tunafanya mazoezi wiki mbili, tunaazima amplifaya kanisani, tunapiga juani saa tatu nzima, wageni wa heshima wanainuka kucheza na kupigwa picha. Jioni tunapewa soda, fulana yenye maandishi, na nauli isiyotufikisha nyumbani. Aliyefunga hema amelipwa. Mwenye viti amelipwa. Mama aliyepika pilau amelipwa, na ni haki yake. Aliyepiga gitaa ameambiwa: asanteni, mmetuburudisha, mtajulikana.

Tutajulikana na nani? Mwenye nyumba hapa Kisugu hapokei kujulikana. Anapokea shilingi, tena kabla ya tarehe tano.

Naandika haya kwa watu wawili. Wa kwanza ni ndugu yangu mwanamuziki, wa hapa mjini au wa Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Bidibidi. Wa pili ni kaka na dada wa mashirika na wa ofisi za serikali, ambao najua mnausoma ukurasa huu. Hoja yangu ni moja: muziki ni kazi, na mwenye kazi hahitaji kuhurumiwa wala kupigiwa makofi tu. Anahitaji shule, karatasi na njia iliyo wazi. Serikali za ukanda huu zinasema zinataka kujenga soko la muziki la Afrika Mashariki. Vizuri. Basi zianze na ukweli huu: soko hilo liliwahi kuwepo, na waliolijenga wengi wao walivuka mpaka kama sisi.

Hebu tukumbushane. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipita hapahapa Kampala katikati ya miaka ya 1970 akiwa na kundi la Les Kinois. Mwaka 1977 akaenda Nairobi, na baadaye akaunda Orchestra Virunga, jina la milima yetu ya Kivu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na kufikia miaka ya 1980 Watanzania walikuwa wanamwita Dokta. Maquis walitoka Kongo wakaifanya Dar kuwa kwao. Ndugu wa Simba Wanyika walitoka Tanzania wakaenda Nairobi, na Kenya nzima ikaimba Kiswahili chao. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba kuwa urithi wa Kongo zote mbili. Haki kabisa. Lakini rumba ilijifunza Kiswahili barabarani, Kampala, Nairobi na Dar, kwa midomo ya watu waliokuwa ugenini.

Sasa jamani, kama tulikuwa nalo soko, lilikwenda wapi?

Tuangalie Tanzania, kwa sababu huko serikali ilijaribu kweli. Tangu 1964 chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz. Jeshi lilikuwa na bendi, polisi walikuwa na bendi, na shirika la maendeleo la jiji la Dar lilikuwa na Mlimani Park. Mpiga tarumbeta alikuwa mwajiriwa, anapokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Radio Tanzania iliwarekodi wote. Mwanamuziki wa leo wa Kabalagala, anayelipwa kulingana na kreti za bia zilizouzwa usiku ule, akisikia habari hizo anadhani ni hadithi za abunuwasi.

Lakini msaada ule ulikuwa na kamba. Gitaa lilikuwa la taasisi, ukihama unaliacha. Kanda zilibaki kwenye maktaba ya redio. Na redio ilikuwa moja: ikikataa wimbo, umekatazwa nchi nzima. Remmy alipoimba kuhusu kondomu wakati ukimwi unaua watu, Radio Tanzania haikuupiga. Zaidi ya hayo, viwanda vya kufyatua santuri vilikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Studio upande mmoja, kiwanda upande mwingine, geti katikati. Kipaji hakikupungua hata tone. Kilichokosekana ni njia.

Kongo yetu nayo ina somo lake. Mobutu aliwapenda wanamuziki, aliwapa magari na vyeo, nao wakamwimbia. Anayelishwa kwa mkono huimba sifa za mkono. Kwa hiyo ninaposema serikali itusaidie, sisemi itugawie bahasha. Bahasha inamfaa anayefahamika na mkubwa, halafu inamfunga mdomo. Serikali isaidie kazi yenyewe, ili hata asiyefahamika na mtu apite mlango uleule.

Uganda leo ina mazungumzo haya. Mwaka 2023 wanamuziki walianzisha shirikisho lao la taifa chini ya Eddy Kenzo, na mwaka 2024 Rais akamteua Kenzo kuwa mshauri wake wa mambo ya wasanii. Mtu aliyekulia mitaani akafika kutajwa kwenye Grammy anaijua shida, simdharau. Ninachouliza ni hiki: msaada ukishafika, utapita kwa nani? Ukipita kwa mtu, kijana wa Kisugu anayepiga besi na kuzungumza Kilingala na Kiswahili hana simu ya mtu huyo. Ukipita kwenye sheria na ofisi, anaweza kupanga foleni kama wengine.

Na sheria ipo! Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu wengi wetu hatujaambiwa. Mwaka 2006 Bunge la Uganda lilipitisha sheria mbili zinazotuhusu: Sheria ya Hakimiliki na Sheria ya Wakimbizi. Ya pili inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Juu yake kuna Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Uganda iliuingia mwaka 1976. Ibara ya 14 ya mkataba huo inasema kwamba katika kazi za uandishi, sanaa na sayansi, mkimbizi alindwe katika nchi anayoishi sawasawa na raia wa nchi hiyo. Soma tena: sawasawa na raia. Haisemi kama mgeni aliyevumiliwa, wala haisemi mpaka apate uraia.

Je, ni warsha ngapi tumekalia Kampala hii? Tumefundishwa kunawa mikono, kuweka akiba, kutatua migogoro, kuandika mpango wa biashara. Yote mazuri. Lakini nani alishawahi kusimama mbele yetu akafungua Ibara ya 14? Matokeo yake ninayaona mtaani. Kijana mmoja jirani yangu ametoa nyimbo sita. Zote zimepandishwa kwenye intaneti kwa jina la rafiki yake Mganda, kwa sababu rafiki ndiye mwenye kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki. Wakielewana, anapata kitu kidogo. Siku wakigombana, nyimbo zimekwenda. Kisheria atamdai nani, na kwa karatasi gani?

Tuje kwenye mafunzo. Ukitaka kujua shule ya muziki ya wakimbizi iko wapi, pita Kisugu Jumapili asubuhi, uteremke kuelekea Namuwongo. Kila baada ya nyumba chache kuna kanisa la mabati, na kila kanisa lina drams, kinanda na gitaa mbili. Hapo ndipo mtoto wa miaka kumi na mbili anajifunza seben kwa kuangalia vidole vya kaka yake. Makanisa haya yametufanyia kazi ambayo hakuna wizara imeifanya, na nawashukuru wachungaji. Ila kanisa haliwezi kumfundisha kila kitu. Mtoto anatoka hapo anapiga vizuri kuliko watu wa televisheni, lakini hajui kusoma mkataba, hajui kurekebisha sauti kwenye mikisa, hajui kuandikisha wimbo, na gitaa si lake. Akigombana na kwaya, amekosa ibada na chombo cha kazi siku moja.

Na akienda kwenye mradi wa kujikimu, anapewa kuchagua: cherehani, saluni, mkate au sabuni ya maji. Sina ubaya na sabuni. Lakini kwa nini ufundi wa mitambo ya sauti si ufundi? Harusi za Kampala, mazishi, mikutano ya siasa na makanisa yenyewe vyote vinataka spika na mtu wa kuziendesha. Kazi hiyo ipo kila wikendi. Wapeni vijana miezi sita ya mafunzo na cheti cha ufundi kinachotambuliwa na serikali, kama mnavyompa fundi cherehani.

Mtaniambia: lakini kule Bidibidi, wilayani Yumbe, kumejengwa ukumbi wa sanaa wenye studio ya kurekodi, wa wakimbizi na wenyeji pamoja. Ndiyo, na ni jambo la kupongezwa. Swali langu ni la kesho yake: nani atalipa mwalimu na umeme mfadhili akigeukia nchi nyingine? Zanzibar wana chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa 2002, kinachofundisha udi, kanuni, taarab na ngoma. Ni chuo kizuri mno, na bado kimewahi kukaribia kufungwa kwa sababu fedha za wafadhili zilikauka. Bagamoyo, ng'ambo yake tu, chuo cha sanaa kilichoanzishwa na serikali mwaka 1981 kilipoteza ukumbi kwa moto mwaka 2002, ukajengwa mwingine, na hadi leo wanafunzi wanaingia. Sisemi serikali inaendesha vyuo vizuri kuliko wafadhili. Nasema chuo kilichomo kwenye bajeti ya nchi kina mtu wa kuulizwa.

Nazijua hoja za upande wa pili, maana nazisikia kila siku.

Ya kwanza: "Watu wana njaa, mgao umepunguzwa, wewe unataka magitaa?" Ndugu yangu, ni kwa sababu mgao umepunguzwa. Mkinilipa kwa kazi niliyoifanya, sitapanga foleni ya mgao. Anayepiga muziki bure ndiye anayebaki na njaa.

Ya pili: "Waganda wenyewe hawajapata, wakimbizi mtapataje?" Hilo ni kutugombanisha. Studio ikija Kisugu, atakayeingia wa kwanza ni kijana Mganda wa jirani, na akitaka mpiga solo atanigongea mlango. Mirabaha ikianza kulipwa ipasavyo, italipwa kwanza kwa Waganda maana ndio wengi. Tunadai kitu kimoja.

Ya tatu inatoka kwetu wenyewe: "Sisi ni wakimbizi, tusipige kelele, tutaonekana wakorofi." Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kudai mkataba si ukorofi. Fundi wa bomba anadai, bodaboda anadai kabla hujapanda.

Basi nadai haya, na kila moja linaweza kuanza mwaka huu.

Mashirika: tengeni kwenye bajeti malipo ya wanamuziki, kwa kiwango kinachojulikana, kwa karatasi iliyosainiwa kabla ya mazoezi. Mkitupiga video, mtuambie itatumika wapi na kwa muda gani. Fedha za hema zikipatikana, za muziki nazo zinapatikana.

Serikali ya Uganda: ofisi inayoandikisha hakimiliki, URSB, ikae meza moja na Ofisi ya Waziri Mkuu, na itamke kwa maandishi kwamba kitambulisho cha mkimbizi kinatosha kuandikisha wimbo. Kisha maofisa wake waje mitaani na kwenye makazi kwa zamu, kama wanavyokuja wa chanjo. Na lile shirikisho la wanamuziki lifungue uanachama kwa anayefanya kazi hapa, bila kuuliza alizaliwa wapi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki: mna tamasha lenu, JAMAFEST. Limefanyika Kigali 2013, Nairobi 2015, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Kila nchi huja na kundi lake nyuma ya bendera yake. Kongo imeshaingia Jumuiya tangu 2022, na mwaka huohuo Uganda iliamua kukipa Kiswahili nafasi rasmi. Je, bendi ya Wakongo, Warundi na Waganda iliyoundwa Kisugu itaandamana nyuma ya bendera gani? Watengenezeeni nafasi. Bendi hiyo ndiyo Afrika Mashariki yenyewe, imekwisha kuungana bila kikao. Na mpeni mwanamuziki karatasi moja ya kuvusha vyombo vyake mpakani bila kudaiwa ushuru kama mfanyabiashara wa magitaa.

Na sisi wanamuziki: tuache kushushiana bei. Ukijua mwenzako amekataa kupiga kwa soda, usiende wewe kupiga kwa nusu soda. Tujiandikishe kikundi, tufungue akaunti ya kikundi, na kila wimbo uandikwe tarehe, aliyetunga, aliyepiga nini, na saini za wote. Daftari la shilingi elfu mbili linatosha kuanza. Siku ofisi ikifunguka, tusikutwe tunabishana nani alitunga.

Simu za mwezi wa sita zitalia tena. Atakayepokea aulize kwanza: mkataba uko wapi?