Dawa ya Uraibu Ivuke Lango la Gereza

Baada ya sala ya Ijumaa iliyopita mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Mwanawe alikuwa akinywa methadoni kila asubuhi, ameacha unga, amerudi kula sinia moja na nduguze. Kisha akakamatwa, akapelekwa mahabusu, na dawa ikakatika. Mama hakuuliza habari za dhamana. Aliuliza: kuidai dawa hiyo, nayo ni jamaa ya afyuni, si kumwombea mtoto kilevi?

La hasha. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Ikitolewa kwa kipimo chake hailevyi, bali huzuia arosto kutwa nzima, na asiye na arosto hahangaikii bomba. Gerezani, ndugu msomaji, balaa liko kwenye bomba. Unga hupenya kuta, sindano ni adimu. Basi moja huzunguka mikononi mwa wengi ikibeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya C, ambavyo huweza kudumu ndani ya bomba kwa wiki kadhaa. Siku ya kuachiwa ikifika, mfungwa hurudi kwa mkewe.

Anayedhani fikra hii ni ya watu wasiojali haramu na aitazame Iran, nchi inayoongozwa na wanazuoni, ambayo sheria zake dhidi ya wauza unga hufikia kunyonga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 VVU vilienea katika magereza yake kwa sindano za kuchangia. Miaka michache baadaye methadoni ikaanza kutolewa humo humo gerezani, na mwaka 2005 mkuu wa Mahakama, Ayatullah Mahmoud Hashemi Shahroudi, akaagiza mahakimu wasizizuie huduma hizo. Mwanafunzi wa fiqhi anaijua kanuni: penye madhara mawili, huvumiliwa yaliyo mepesi.

Kuna na kaburi. Aliyekatiwa dawa akitoka hurudia kipimo chake cha zamani, na mwili haukiwezi tena. Huko England walifuatiliwa wafungwa zaidi ya 12,000 walioachiwa kati ya 2010 na 2013. Waliotoka wakiwa kwenye dawa, hatari yao ya kufa katika mwezi wa kwanza ilikuwa robo tu ya wenzao.

Kwetu, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015. Wenye dhamana ya afya na magereza wakubaliane jambo moja: aliyekwisha kuanza dawa asikatizwe kwa kukamatwa, na mraibu aingiaye gerezani bila dawa aanzishiwe. Nasi wa misikitini, ambao tumezoea kumwita kijana teja na kumpita, tuliseme hili mimbarini.

Yule mama nilimwelekeza apite kliniki achukue barua inayotaja kipimo cha mwanawe, aifikishe kwa mganga wa gereza. Aliipeleka Jumatatu. Hadi naandika haya, hajajibiwa.