Nakala Mbili za Yeremia

Leo tuzungumze habari ya nyimbo zetu na mahali tunapoziweka.

Kijana mmoja wa Nambis, wilayani Mbulu, ana studio chumbani kwake: kompyuta, kipaza sauti kimoja, na mablanketi ukutani ya kuzuia mwangwi. Kwaya yetu ilirekodi nyimbo nane kwake. Wimbo mmoja wa Kiiraqw uliongozwa na mama yetu mzee, ambaye Bwana alimwita kabla kazi haijakamilika. Wiki mbili baada ya mazishi umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na diski ya kompyuta ikafa. Nakala nyingine haikuwepo. Nyimbo saba tutazirekodi upya. Wa nane hatuwezi.

Kikaoni kijana alilaumiwa sana. Mimi nasema lawama ni yetu sote. Tulichanga fedha za sare, za usafiri, hata za chakula cha siku ya kurekodi, lakini hakuna aliyeuliza habari ya nakala.

Mzee mmoja alitufariji kwamba Mungu amekwisha kuusikia wimbo ule, na hazina yetu iko mbinguni kusikofika nondo wala kutu. Ni kweli. Lakini Yesu alikataza kujiwekea sisi wenyewe. Wimbo ule haukuwa wetu; ulikuwa wa wajukuu ambao wangejifunza kumsifu Mungu kwa Kiiraqw kutoka kwa sauti ile.

Soma Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa, nabii amefungwa, naye ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati zinakuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na Baruku anaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Kumbuka kwamba miaka mingi kabla ya hapo mfalme Yehoyakimu alikwisha kulichoma gombo la Yeremia (sura ya 36). Liliandikwa upya kwa sababu msemaji alikuwa hai. Mama yetu hayupo. Nabii aliiamini ahadi ya Mungu kwa moyo wote, na bado alitafuta chombo cha udongo.

Basi tufanye hivi. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu katika nyumba nyingine, kwa mfano ofisi ya usharika, ili moto au mwizi asizipate zote. Nakala ya pili ndani ya kompyuta ileile si nakala. Hata wakubwa walijifunza kwa machungu: tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala la Universal Studios huko Hollywood, pamoja na kanda asilia za muziki zilizokuwemo.

Tena, faili la mradi hufunguka vizuri kwenye programu iliyolitengeneza tu. Kwa hiyo kila sauti, ya kwanza hadi ya nne, na kila ala, itolewe peke yake katika faili la WAV, zote zikianzia sekunde moja. Hapo hata baada ya miaka kumi fundi mwingine ataweza kuziunganisha. Andikeni kwenye karatasi jina la wimbo, mtunzi, mwendo wake na walioimba. Kila baada ya miezi michache fungueni nakala msikilize kama bado inalia. Na kazi hii ifanyike jioni ileile ya kurekodi, kabla watu hawajatawanyika.

Leo baada ya ibada, muulize mwalimu wako wa kwaya: nyimbo zetu ziko wapi, na ziko sehemu ngapi? Akikujibu ni sehemu moja, usimlaumu. Ingiza mkono mfukoni, uanzishe mchango wa diski.