Je, Kabila Lina Roho Moja?

Yako maneno mawili yanayozunguka huku juu Bibokoboko na kushuka mpaka Baraka ziwani. Sisi makatekista twayasikia matangani, sokoni, hata mlangoni pa kanisa. La kwanza ni hili: "Watu wale wote wana roho moja." La pili: "Si mimi, ni roho ya hasira iliyoniingia." Wasemao la kwanza huwasema adui zao, wasemao la pili hujisemea wenyewe. Sisi twasema kwamba maneno haya ni ndugu wa tumbo moja, tena ni kosa la kale lililokwisha kujibiwa zamani. Ili kulionyesha itatubidi kupita katika maneno machache ya wasomi. Msomaji asiogope, mengi ya maneno hayo ni makubwa kwa sauti tu.

Tushike kwanza neno sinderesi. Aliyesoma seminari amekutana nalo, na pengine alilikariri usiku wa kuamkia mtihani, kisha akalisahau. Asili yake yachekesha kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 5, huko Bethlehemu, Mtakatifu Yeronimo alikuwa akieleza kitabu cha nabii Ezekieli, pale penye viumbe wenye nyuso nne: mtu, simba, ng'ombe na tai. Akasema wako wanaofasiri hivi: uso wa mtu ni akili, simba ni hasira, ng'ombe ni tamaa, na tai, arukaye juu ya hao watatu na kuwaonya wakosapo, ni cheche ya dhamiri. Kwa Kigiriki dhamiri huitwa syneidesis. Wataalamu wengi hudhani kwamba mnakili mmoja alikosea herufi, na kosa lile likazaa neno jipya ambalo walimu wa karne zilizofuata waliligombania kama mali ya urithi. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika juu yake kwa kirefu. Alifundisha kwamba sinderesi haizimiki: mtu aweza kuifunika kwa tamaa na hasira isifanye kazi katika tendo hili au lile, lakini yenyewe haifi.

Sasa tazameni mfano aliouchagua Yeronimo. Asema cheche hiyo haikuzimika hata kifuani mwa Kaini. Ndiyo, Kaini yule yule aliyemwua ndugu yake shambani. Wala Mungu hakumwuliza Kaini habari za ukoo wake. Alimwuliza yeye, juu ya ndugu yake mmoja, mwenye jina.

Hapa bwana msomi atatukatiza: "Mambo haya ni ya Kilatini na Kifaransa. Kiswahili hakina maneno ya falsafa, sembuse lugha za wachungaji wa ng'ombe." Tumelisikia neno hilo mara nyingi, na twalikataa kabisa. Katika nyumba za Banyamulenge, mama asiyejua kusoma hutamka umutimanama. Umutima ni moyo, na nama yatoka katika inama, yaani shauri, au kikao cha kushauriana. Basi dhamiri kwake ni moyo ukaao barazani, ukisikiliza, kisha ukatoa shauri. Je, tai wa Yeronimo amezidi nini hapo?

Na Kiswahili chetu je? Neno moyo ni la wazee wetu wa Kibantu. Nafsi, roho, akili na dhamiri zilikuja kwa Kiarabu kupitia pwani, na mbili za kwanza zina jamaa zake katika Kiebrania cha Maandiko. Hazikukaa kama wageni. Twasema dhamiri yamsuta mtu. Huko pwani kusuta si kunong'ona: aliyesingiziwa huchukua mashahidi, akamwendea msingizi uso kwa uso, akamtaka aseme tena alilolisema. Ndivyo dhamiri ifanyavyo kwa mtu, nayo haimtaki mjumbe wala wakili. Tena tukitaka kusema Mungu ni mmoja katika tatu, neno tunalolitumia ni Nafsi. Neno lililoweza kubeba fumbo la Utatu litashindwaje kumbeba mtu wa Fizi?

Na kama bwana msomi ataka maneno magumu zaidi, tutampa. Mwenye heri Yohane Duns Scotus, Mfransiskani aliyefariki Köln mwaka 1308, alifundisha kwamba kila kitu, licha ya kuwa cha aina yake, kina kitu kimfanyacho kuwa hiki na si kingine. Wanafunzi wake wakaita haecceitas. Kwa Kiswahili twaweza kusema uhuyu. Petro na Paulo wote ni watu, utu wao ni mmoja. Uhuyu wa Petro Paulo hana.

Turudi kwenye ile roho moja. Mwaka 1270, mjini Paris, walimu kadhaa walimfuata Ibn Rushd wa Kordoba, wakasema kwamba akili ya kufahamu ni moja tu kwa watu wote, na sisi twaazima mwanga wake. Mtakatifu Thoma aliandika kitabu kizima kuwapinga, na hoja yake ni nyepesi kama mkono wa mtoto: mtu huyu hapa ndiye afahamuye. Ukiondoa hilo, asema, huwezi tena kumpa mtu thawabu wala adhabu baada ya kufa. Desemba mwaka ule ule Askofu Étienne Tempier alilihukumu fundisho hilo. Guglielmo wa Tocco, aliyeandika maisha ya Thoma, asimulia habari ya askari mmoja wa Paris aliyekataa kutubu makosa yake. Kwani, alisema, kama akili yetu ni moja, basi roho ya Mtakatifu Petro ikiokoka, na mimi nimeokoka!

Twacheka. Lakini huyo askari yuko kwetu. Mwaka 1996 Banyamulenge wengi wa Bibokoboko waliuawa. Mwisho wa mwaka 1998 raia mamia, wengi wao Babembe, waliuawa Makobola. Oktoba 2021 nyumba za Bibokoboko zilichomwa, watu wakakimbia mikono mitupu. Kila mara kabla ya moto lilitangulia neno: wale ni wamoja, roho yao ni moja, mtoto wao ni kama mkubwa wao. Na kila mara baada ya moto likafuata neno la pili: tulikuwa wengi, tulipandwa na hasira, vijana walikwenda. Mbele, aliyeuawa hakuwa na uhuyu. Nyuma, aliyeua naye hana. Ndipo pasipo na mtu hata mmoja wa kuulizwa. Si ajabu basi kwamba neno hilo lapendwa hivi.

Hata watu wema wameliponyeza mlangoni. Padre Placide Tempels, Mfransiskani wa Ubelgiji, alikaa na Baluba, na mwaka 1945 kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kilitoka Elisabethville. Twamheshimu, kwa kuwa alisema tunayo falsafa wakati wengi walipokana. Ila yale aliyoyaona kwa Baluba aliyavika Bantu wote, kama kwamba twawaza kwa kichwa kimoja. Padre Alexis Kagame wa Rwanda alikwenda kwa uangalifu zaidi mwaka 1956, akapima maneno ya lugha yake moja moja. Na sisi twapenda zaidi njia hiyo.

Kwetu hapa ipo mifano iliyo karibu kuliko Paris. Tarehe 28 Novemba 1964 waasi walisimamisha gari mbele ya kanisa la Baraka, wakamwua Bruder Vittorio Faccin. Padre Luigi Carrara alitoka kanisani, akaamriwa kupanda garini. Akakataa, alisema kama wataka kumwua, apenda kufa pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti. Usiku wakauawa huko Fizi Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenye heri Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Kijana yule wa miaka 31 aliamua mwenyewe, kwa muda mfupi, mbele ya bunduki, na hakuna kundi lililomwamulia.

Katika Misa kanisa zima huungama kwa sauti moja, lakini kila mmoja husema "nimekosa", na kujipiga kifua chake. Hatujaona bado mtu akimpiga jirani yake kifua, ingawa wako wanaotamani. (Sisi twaandika "sisi" kwa desturi ya gazeti, kitubioni desturi hiyo haina nafasi.)

Wengine watauliza: je, hakuna dhambi ya jamii? Ipo. Lakini Papa Yohane Paulo II, mwaka 1984, alifundisha kwamba dhambi za jamii ni lundo la dhambi nyingi za mtu mmoja mmoja. Basi tulichambue lundo. Nyumba ilipochomwa, yuko aliyewasha, yuko aliyeonyesha njia, yuko aliyejua siku tatu kabla akanyamaza. Na yuko aliyenunua ng'ombe kwa bei ya kutupa, akijua vizuri wametoka zizi la nani. Huyu wa mwisho twamkuta Jumapili benchi la mbele, na hakuna bado aliyemwuliza.