Sadaka na Ushahidi



Zilzala ya tarehe 6 Februari 2023 ilipozitikisa Uturuki na Syria na kuangamiza roho zaidi ya 50,000, mayowe ya waliofukiwa yalikuwa hayajanyamaza na walaghai walikwisha kutandaza mitego mitandaoni: picha ya mzimamoto aliyempakata mtoto mbele ya magofu, na pamoja nayo anwani za kupelekea sadaka kwa sarafu za kidijitali. Picha ile ilitengenezwa kwa akili mnemba, na mwenye kuitazama kwa makini aliviona vidole sita katika mkono wa mzimamoto. Na mojawapo ya anwani zile, BBC walipoichunguza, ilidhihirika kuwa imetumika katika ulaghai tangu 2018. Anwani ya namna hiyo ni mfululizo wa herufi na tarakimu usio na jina la mwenyewe, na kilichokwisha kutumwa hakina benki ya kukizuia wala karani wa kukirejesha.

Wapo wanaojitetea kwamba habari waliyoiamini imetoka gazetini. Lakini tarehe 13 Septemba 2021 taarifa ya uongo, iliyodai kuwa maduka ya Walmart yatapokea malipo kwa sarafu ya kidijitali ya Litecoin, ilipita katika shirika la kusambaza taarifa la GlobeNewswire, ikachukuliwa na shirika la habari la Reuters, na thamani ya sarafu hiyo ikapanda kwa takriban asilimia 30 kabla Walmart haijakanusha.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakuipokea kauli mpaka waijue isnadi yake, nani kasikia kwa nani, na kila mmoja wao ni mtu wa sifa gani. Na kanuni hiyo yatufaa sote, Waislamu na Wakristo, kwani habari iliyorudiwa na magazeti kumi yenye asili moja ni ushahidi wa mtu mmoja tu. Wala asidhani mtu kwamba kuhoji ni ubahili, kwa kuwa anayedhulumiwa na khiyana hii, kabla ya mtoaji, ni yule mhitaji ambaye haki yake imeishia mikononi mwa mwizi.

Kwa hiyo jarida hili halitachapisha ombi lolote la msaada mpaka mhariri azungumze na mpokeaji au jamaa zake, na mweka hazina aithibitishe akaunti iliyoandikishwa kwa jina la mpokeaji huyo. Na ombi la sarafu za kidijitali lisilo na mwenyewe anayejulikana tutalikataa. Nanyi, likiwajia simuni, tuleteeni sisi kabla hamjawapelekea wengine.