Taa za jukwaani: Kishikio kimoja hakitoshi

JIONI ya Agosti 13, 1990, mwanamuziki Curtis Mayfield wa Marekani alikuwa akipanda jukwaani katika uwanja wa wazi eneo la Brooklyn, jijini New York, upepo mkali ulipovuma na kuangusha mitambo ya taa. Mitambo hiyo ilimgonga na kumwacha amepooza kuanzia shingoni kwenda chini. Hakupiga gitaa tena. Albamu yake ya mwisho, iliyotoka 1996, aliirekodi akiwa amelala chali, akiimba mstari mmoja baada ya mwingine. Alifariki Desemba 26, 1999, akiwa na umri wa miaka 57.

Mnamo Julai 28, 2022, skrini kubwa iliyokuwa ikining'inia juu ya jukwaa jijini Hong Kong iliwaangukia wachezaji densi mbele ya maelfu ya mashabiki. Waya ulikuwa umekatika. Wachunguzi walibaini kwamba chuma cha waya huo kilikuwa kimechoka.

Visa hivyo vilitokea mbali. Hata hivyo, atakayeinua macho katika kumbi nyingi za shule, makanisa na mikutano humu nchini atagundua kwamba hatari yenyewe haiko mbali hata kidogo. Zamani jukwaa la shule lilimulikwa na glopu chache tu. Siku hizi hata harusi hukodishiwa taa zinazojizungusha zenyewe, baadhi zikiwa na uzani wa kilo 20 au zaidi, nazo huning'inizwa juu ya vichwa vya watu.

Kwa kawaida taa hufungwa kwenye bomba la chuma kwa kibanio kinachokazwa kwa bolti. Bolti hiyo inaweza kulegea kutokana na mtikisiko, au kwa sababu fundi aliharakishwa na mwenye sherehe. Ndiposa mafundi waliohitimu husisitiza kila taa iwe na kishikio cha pili kisichotegemea kile cha kwanza. Kishikio hicho huwa kipande cha waya wa chuma uliosokotwa, ambacho huzungushwa kwenye bomba na kupitishwa kwenye taa. Kina kazi moja tu: kibanio kikiachilia, taa isifike chini.

Mwaka uliopita, nikisubiri tamthilia ianze katika ukumbi mmoja ambao sitautaja, nilihesabu taa sita juu ya jukwaa. Mbili zilikuwa na waya. Tatu zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya nailoni na moja haikuwa na chochote. Nilipomuuliza fundi, alitabasamu na kunijibu, "Mzee, hizi hazijawahi kuanguka."

Jibu hilo ndilo kiini cha tatizo. Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga, tukasahau kuwa wahenga hao hao walituusia tahadhari kabla ya hatari. Taa ambayo haijawahi kuanguka haijathibitisha kwamba imefungwa vyema. Imethibitisha tu kwamba kishikio chake cha kwanza bado hakijaachilia.

Ni kishikio kipi basi kinachofaa? Kwanza, kiwe cha chuma. Nailoni huyeyuka ikikaribiana na taa zinazotoa joto jingi, nayo kamba ya katani huungua. Waya uliofunikwa kwa plastiki una kasoro yake pia, kwani kutu huweza kuula ndani kwa ndani bila yeyote kuiona. Suala hili ni zito zaidi Mombasa na Malindi, ambako hewa ya chumvi haiachi chuma salama. Huko, ni busara kununua waya wa chuma kisichoshika kutu, hata kama bei yake ni ya juu kidogo.

Pili, kiwe kifupi. Wengi hudhani kwamba waya ukiwa mnene, urefu wake hauna neno. Hesabu inaonyesha vingine. Taa ya kilo 10 ikianguka mita moja, kisha waya uisimamishe katika umbali wa sentimita 2, nguvu ya wastani inayouvuta waya huo hulingana na uzani wa takriban kilo 510. Taa hiyo hiyo ikianguka sentimita 20 pekee, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 110. Ndiyo maana viwango vya Ujerumani haviruhusu taa ianguke zaidi ya sentimita 20 kabla ya kunaswa. Waya uliolegea kama kamba ya kuanikia nguo unaweza kukatika siku unapohitajika.

Tatu, kiungo cha kufungia kiwe imara sawa na waya wenyewe. Ndoano ndogo ya springi, mfano wa ile ya kubebea funguo, haifai. Kiungo bora ni cha chuma chenye nati inayokazwa, nacho kiwe na alama inayoonyesha uzani kinaoweza kuhimili. Kisichokuwa na alama kichukuliwe kuwa hakijulikani nguvu zake.

Nne, waya upitishwe mahali panapostahili. Ukifungwa kwenye mkono wa taa pekee, kisha bolti za mkono huo zing'oke, taa itaanguka na waya ubaki juu ukining'iniza mkono mtupu. Ufungwe kwenye tundu lililotengenezwa kwa kazi hiyo katika mwili wa taa, na kwa upande wa juu uzungushwe kwenye bomba kuu wala si kwenye vijiti vyembamba vya fremu. Vibao vya kuelekeza mwanga na fremu za rangi navyo vishikizwe, kwa maana huweza kuchomoka vyenyewe. Na waya uliokwisha kunasa taa mara moja usitumiwe tena, hata ukionekana mzima.

Hata hivyo, tusijidanganye. Waya huo usingemwokoa Mayfield, kwa kuwa yeye hakuangukiwa na taa moja iliyochomoka. Kishikio cha pili hakina maana iwapo bomba au mnara unaobeba taa zote hauwezi kustahimili uzani wake au upepo. Uimara wa kinachobeba ukaguliwe kwanza, waya ufuate.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawapa wenye mahali pa kazi wajibu wa kudumisha usalama wa mitambo, na inalenga kuwakinga hata watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na kazi hiyo. Ukumbi ambamo fundi anafunga taa ni mahali pa kazi. Kwa hivyo mwanafunzi anayeigiza chini ya taa hizo hayuko nje ya macho ya sheria. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Wala gharama si kisingizio. Bei ya waya na kiungo chake ni sehemu ndogo mno ya bei ya taa yenyewe. Anayeweza kukodisha taa kumi anaweza kukodisha na nyaya kumi.

Tamasha za drama za shule zinapokaribia kila mwaka, walimu hukagua maleba, matamshi na muda wa kila igizo. Waongeze maswali matatu kwa mwenye ukumbi: nani alifunga taa hizi, nani alizikagua na lini, na ya pili yake i wapi iwapo kibanio kitaachilia? Asipopata majibu, mwalimu ana haki ya kutaka taa hizo zishushwe na madirisha yafunguliwe. Igizo zuri litaonekana hata kwa mwanga wa jua, na mtoto wa watu atarudi nyumbani akiwa mzima.